Alama Ina Mwenyewe

Mabira, Kyerwa
6 Oktoba 2024

Kaka Ilyas,

Shikamoo. Kabla hujaikunja karatasi hii na kuitia jikoni, naomba ukumbuke maneno yako mwenyewe. Siku nilipoondoka na Jovin ulisimama mlangoni pa duka, mkono juu, ukasema: "Wallahi, sauti ya Shufaa haitaingia tena nyumba hii maadamu mimi ni hai." Nusu ya Kayanga ilisikia. Sauti, ndivyo ulivyosema. Mwandiko hukuutaja. Kwa hiyo soma, ila soma kimyakimya, midomo isicheze, usije ukajisikia ukitamka maneno yangu ukaingia dhambini.

Huku tu wazima. Mvua imeanza vizuri, migomba imesimama. Shemeji yako Jovin anasumbuliwa na mgongo, lakini unamsumbua zaidi siku za palizi. Siku za pombe ya rubisi huwa amepona. Mtoto wetu Ainembabazi anasoma sekondari huko Ndama, anakaa kwa shangazi yake. Ana miguu mirefu ya marehemu baba na ukaidi wako. Ng'ombe mmoja tumemuuza, wawili wapo, mmoja ana mimba. Wifi Nasreen akinisalimia sitakataa.

Sasa lililonishikisha kalamu. Vileja vya Idi ya Ramadhani iliyopita havikuwa vya mama.

Unajua, na mimi najua, kwamba kila Idi sahani ya bluu ya mama hupanda gari la yule kondakta Clavery ikafika Mabira imefungwa kitambaa, bila jina wala salamu. Wewe hujifanya huoni. Mimi navila vileja, naiosha sahani, nairudisha na kopo la samli juu yake, maana sahani ya watu hairudi tupu. Miaka yote hii hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na mama, na hayakuvunja kiapo cha mtu.

Safari hii nilifungua kitambaa, nikanusa, nikajua. Siagi ya kopo. Iliki ya kuhesabu. Na alama haikuwepo. Mama hutia kila mtoto alama yake juu ya vileja: vyako punje ya iliki katikati, vyangu ukucha, kama mwezi mwandamo, kwa vile mimi ndiye niliyekuwa napanda kichuguu nyuma ya msikiti na kupiga kelele "Mwezi! Mwezi!" mpaka mji mzima ukajua kesho ni Idi. Hivi vilikuwa na vipara. Jovin alivila akasema vitamu. Jovin husema hivyo hata kwa muhogo uliolala.

Nikajiambia labda mama aliumwa siku hiyo. Idi ya Kuchinja sahani haikuja kabisa. Nimengoja niambiwe, sijaambiwa. Mama ana nini?

Naomba jambo moja. Ramadhani ijayo, siku za mwisho, niruhusu nije nipike vileja na mama. Siku moja tu. Nifinyange, nipalie makaa, nirudi kwangu.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Shufaa


Kayanga, Karagwe
29 Novemba 2024

Kwa Shufaa binti Saleh,

Barua yako ya tarehe sita Oktoba ilipokelewa. Kuchelewa kujibu kumetokana na shughuli za duka, pamoja na paa la stoo ambalo upepo uliling'oa. Kwa ujumla hali ya familia ni njema. Nasreen yu mzima. Kijana wetu mkubwa yuko Bukoba, anasomea ufundi wa umeme. Senene wameanguka wengi mwaka huu, na watu wamefunga mitego ya mabati na taa mpaka mbele ya msikiti, jambo ambalo nimelikemea.

Kuhusu vileja: samli imekuwa adimu mjini, na ile unayoileta wewe, sitaki kuongeza maneno, inatoka katika nyumba ambayo sufuria zake zimepikia mambo mengi. Nasreen alitumia kilichokuwepo dukani. Hakuna mgeni aliyelalamika isipokuwa wewe, na wewe hukuwa mgeni.

Kuhusu mama: mama ni mzima. Umri ni umri. Anakula, anaswali, anakaa barazani anaota jua. Na kama wasiwasi wako ni kusahauliwa, uuondoe. Mchana kutwa hapa ni Shufaa njoo, Shufaa lete.

Kuhusu ombi la kuja: litaangaliwa kwa wakati wake. Kiapo si kitambaa cha kupima na kukata.

Wasalaam,
Ilyas Saleh


Mabira
15 Desemba 2024

Kaka Ilyas,

Shikamoo. Umeniandikia "kuhusu, kuhusu" kama karani anayesoma hukumu, lakini nilifurahi. Mstari wa Shufaa njoo, Shufaa lete nilimsomea Jovin, nikamsomea tena, nilipoanza mara ya tatu akakumbuka kwamba ng'ombe hawajanywa maji.

Huku wanajiandaa na Krismasi, na mtu hula sikukuu za anaokaa nao. Nimepika vileja kwa ajili ya wakwe. Mama mkwe, Mama Placida, alichovya cha kwanza kwenye chai mpaka kikazama, akailaumu chai. Mimi bado naswali, kama hukuwa umeambiwa. Jovin ndiye huniamsha alfajiri, kisha anarudi kulala akisema amemaliza sehemu yake. Nguruwe hajaingia katika kibanja hiki. Sufuria zangu zimepikia ndizi na maharage, na siku za neema, ndizi na nyama ya mbuzi. Ndiyo mambo mengi yenyewe.

Kuhusu kiapo (umeniambukiza), nimemuuliza mwalimu wa madrasa anayepita huku. Kasema kina kafara yake: mtu hulisha maskini kumi, akishindwa hufunga siku tatu. Mimi, Jovin, watoto na majirani wa upande wa bondeni tunafika kumi bila kutafuta, na ni maskini wa uhakika. Leta mchele.

Nilikuwa nimeamua kuishia hapo, kwa furaha. Lakini Clavery kaleta jambo pamoja na barua yako. Anasema alipoifuata pale dukani mama alikuwa barazani. Mama akaita: "Shufaa! Mpe kijana maji." Ndani mtu akaitika, "Labeka mama," akatoka na kikombe. Clavery akadhani nimerudi kwetu, akainama amtazame usoni anisalimie. Alikuwa wifi Nasreen.

Kaka, nyumbani kwako Shufaa ni nani?

Mdogo wako,
Shufaa


Kayanga
2 Februari 2025

Shufaa,

Salamu. Sisi hatujambo. Mama alikuwa na mafua, yamekwisha. Barua hii nimeianza mara nyingi. Kila nikianza naandika habari za paa la stoo, nachana.

Mama amesahau. Si kila kitu. Qurani anaisoma kwa moyo kama zamani, na Pangani kwao anakutajia nyumba kwa nyumba, ila nyuso zimemtoka. Mimi ananiita Saleh, anadhani ni baba, na hunigombeza kwa makosa ya baba. Mtu pekee ambaye hajamtoka ni wewe. Tena ndiyo shida ilipoanzia. Alianza kutoka nje. Tukimtafuta tunamkuta stendi, ushungi uko begani, anawauliza makondakta kama Shufaa amefika. Tukimrudisha analia, hali.

Siku moja Nasreen alikuwa uani anapepeta mchele. Mama akasimama nyuma yake, akasema, "Shufaa, umerudi mwanangu?" Nasreen aligeuka akaniangalia mimi. Sikusema kitu. Akaitika, "Labeka mama." Mama alikula siku ile, akalala. Tangu hapo hajatoka tena kwenda stendi.

Wewe ungefanyaje? Nasreen hakupenda. Ana jina lake alilopewa na wazazi wake. Lakini anaitika asubuhi mpaka jioni na hajanung'unika mbele yangu.

Ndiyo maana nasema usije. Ukija watakuwa Shufaa wawili, na mmoja itabidi awe mwongo. Mama atachagua. Akichagua vibaya, nyinyi mtaondoka kila mtu na kilio chake, mimi ndiye nitakayebaki naye. Ana Shufaa wake, ametulia. Acha ilivyo.

Ilyas


Mabira
16 Februari 2025

Kaka Ilyas,

Shikamoo. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Mgongo wa Jovin umepona. Mvua bado.

Barua yako nimeisoma.

Mwambie wifi Nasreen kwamba mama akimaliza kumsuka mtu humgonga kidogo kisogoni kwa kitana. Maana yake: haya, nenda. Shufaa hujibu "ahsante mama" akiwa ameshasimama. Akijibu akiwa amekaa atajulikana.

Shufaa wa Mabira


Kayanga
12 Machi 2025

Mdogo wangu Shufaa,

Ramadhani karimu. Salamu kwa watoto. Naandika Clavery akiwa mlangoni anasema gari litamwacha, nisamehe mwandiko.

Jana Nasreen alijaribu vileja kidogo, kujiweka tayari kwa Idi. Mama alikuwa naye jikoni, kwenye mkeka. Unga ulipowekwa mbele yake akanusa. Akachukua donge, akalivunja, akalirudisha kwenye sinia. Akasema, "Haya si mafuta ya kwetu."

Nasreen akasema, "Ni samli, mama."

Mama akamtazama mpaka Nasreen akainamisha macho. "Wewe nani?"

"Mimi Shufaa."

"Shufaa hapiki na siagi ya kopo. Shufaa yuko wapi? Mmemfanya nini mwanangu?"

Tangu hapo hali. Si uji, si tende. Amechukua sahani yake ya bluu, amekaa nayo mlangoni, na gari likipita anasimama. Nasreen akimkaribia anamwambia, "Mama wee, niache, namngoja mtu."

Nakuomba samli. Ile yako ya kibuyu, yenye moshi. Mpe Clavery hata kidogo. Niliyosema juu ya sufuria yako nimeyafuta.

Kaka yako,
Ilyas


Mabira
15 Machi 2025

Kaka Ilyas,

Shikamoo, na Ramadhani karimu kwako pia. Hujaniita mdogo wako tangu Ainembabazi hajazaliwa. Nilidhani Clavery amekosea mlango. Ndama anaendelea vizuri, ahsante kwa kutouliza.

Samli ipo. Kibuyu nimekifukiza kwa majani yaleyale, na maziwa ni ya huyu mzazi mpya. Mkononi mwa Clavery utapata kopo dogo, lifunguliwe mbele ya mama leo hii. Mimi si mtu wa kumwachisha mama yangu kula ili nikushinde wewe. Lakini kopo hilo ni la kunusa na kutia kwenye uji. Halipiki vileja vya Idi. Samli ya Idi itakuja kwa miguu yangu.

Usiogope. Sitaki kuwa Shufaa. Kiti hicho amekikalia wifi, na kwa ulivyonieleza si kiti laini. Nataka nikae mkeka mmoja na mama tufinyange vileja, anione, hata akiniona ni mtu mwingine. Anazidi kusahau, na mwakani sijui kama atajua hata sinia ni kitu gani. Ni mwaka huu au basi.

Na kiapo chako: kama mchele unakushinda, mwezi mzima unafunga, tumbo limeshazoea. Unganisha siku tatu baada ya Idi, yaishe. Siku tatu, kaka, kwa Shufaa mzima.

Shufaa


Kayanga
21 Machi 2025

Mdogo wangu,

Tunamshukuru Mungu, mama amekula. Kopo lilipofunguliwa alimshika Nasreen mkono akasema, "Ulikuwa wapi wewe?" Nyumba imetulia.

Nimefikiri sana juu ya ombi lako. Njoo siku ya ishirini na tisa ya mfungo, mchana. Pita mlango wa uani. Utakuwa mama wa samli kutoka Mabira, basi. Usiseme neno lolote ndani ya nyumba. Mama akiuliza, Nasreen atamwambia huwezi kusema.

Usidhani ni kwa ajili ya mama tu. Niliapa mbele za watu, na watu haohao ndio wateja wangu, ndio ninaosimama nao safu ya mbele msikitini. Nikifunga siku tatu wataniuliza nalipa nini. Nikiwaambia, watasema basi nilikosea tangu siku ile.

Kama umekubali, njoo. Kama hukukubali, mpe Clavery samli.

Ilyas


Mabira
3 Aprili 2025

Kaka Ilyas,

Shikamoo. Idi njema, ingawa imepita. Nilifika salama. Jovin alinipokea barabarani, akaniangalia mara moja tu, akanyamaza mpaka nyumbani. Akitaka huwa na akili. Ainembabazi yuko likizo. Aliniuliza bibi alisemaje. Nikamwambia bibi alisema mengi.

Wewe ulisimama mlango wa kati muda wote, kwa hiyo nitakayoandika uliyaona. Nayaandika hata hivyo, usije baadaye ukasema ulikuwa unahudumia mteja.

Mama amekuwa mdogo, kaka. Nilipokaa mkekani magoti yetu yalikaribiana, na goti lake lilikuwa kama la mtoto. Alinitazama vizuri, akanisalimia kwa Kinyambo. Kile cha dukani, cha kuwasalimia wanawake wa shamba wanaoleta kahawa. Mama hajawahi kunisalimia kwa Kinyambo. Sisi wanawe ilikuwa Kiswahili chake cha Pangani, na ukichanganya maneno hupewi chai mpaka uyarekebishe. Niliinamisha kichwa.

Wifi akasema, "Haongei huyu, mama."

"Bubu? Maskini. Na mikono yake ilivyo mizuri."

Akatia kidole kwenye samli, akakinusa, akafumba macho. Akamwambia wifi, "Umeona, Shufaa? Hii ndiyo samli. Bubu anajua kazi."

Basi tukafinyanga. Mikono yangu haikuapa kitu, ilikwenda. Mama anatia iliki, wifi anachota unga, mimi naviringa na kubonyeza. Tulimaliza safu yako, kila kimoja na punje yake katikati. Safu ya pili nikajisahau. Sikukusudia, nakuapia, na viapo vyangu ni vya siku mojamoja. Nilibonyeza ukucha. Kimoja, kingine, na kingine.

Mama alinipiga mkono.

Hakuniumiza, nguvu anazitoa wapi? Lakini alinipiga, na sauti aliyotoa ni ile ya zamani ya kufukuzia mbuzi dukani: "We! Alama hiyo ina mwenyewe! Hiyo ya mwanangu Shufaa." Akavikusanya vileja vyangu, akavibana pamoja vikawa donge, akampa wifi. "Shika mwanangu. Tia mwenyewe alama yako. Watu siku hizi hawaachi kitu, hata cha mtoto wa mwenzao."

Wifi Nasreen aliniangalia, machozi yamemlengalenga. Akabonyeza. Kucha zake fupi. Ilitoka kama shimo la dudu. Mama akasema, "Hapo sawa."

Simlaumu wifi. Uniwekee maneno haya pazuri. Wala mama simlaumu, maana mama alikuwa ananitetea. Katika nyumba hiyo hajawahi kutokea mtu akanitetea hivyo, na aliyefanya alinitetea dhidi yangu mwenyewe.

Nakulaumu wewe. Nilipopigwa mkono nilikutazama. Ukatazama saa yako, kama vile magharibi ndiyo iliyokukosea. Ungesema tu, "Mama, na huyu ni mwanao." Angekataa, angelia, angenifukuza, sijui. Au ungeniashiria kwa kichwa nami niseme neno moja, halafu nirudi kuwa bubu.

Jioni watoto wakapiga kelele nje: "Mwezi! Mwezi!" Mimi nilikuwa mlango wa uani navaa viatu. Mama aliinua kichwa, akacheka. Akasema, "Msikilize Shufaa. Kapanda tena kile kichuguu, siku moja ataanguka." Wifi alikuwa amekaa palepale ubavuni kwake, na mimi hatua chache mbele ya macho yake, na yeye anamsikiliza mwanawe aliye nje.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nimekuokolea siku tatu za kufunga, kaka. Hiyo ndiyo bei niliyokuwa nayo kwako, na bado uliiona kubwa.

Mama alinipa vileja kwenye sahani ya bluu, zawadi ya bubu. Havikuwa na alama. Tumevila, vilikuwa vitamu, samli ilikuwa yangu. Sahani inarudi kwenu na Clavery. Nimeiosha, nimeikausha, sikuweka kitu juu yake. Usije ukadhani nimesahau desturi.

Shufaa


Kayanga
27 Aprili 2025

Mdogo wangu Shufaa,

Habari za Mabira? Huku mvua ni nyingi, ila paa la stoo limeshika. Kijana alikuja kwa Idi, amerudi Bukoba. Nasreen anakusalimu. Amesema nisisahau kuandika hivyo.

Sahani imefika. Clavery hakunipa mimi, alimpa mama barazani. Mama alifungua kitambaa, akaigeuza sahani, akakagua na chini yake. Akaniita kwa jina la baba kama kawaida. "Saleh, nani huyu anayerudisha sahani ya watu tupu? Hakulelewa?"

Dukani kulikuwa na watu, Mzee Byabato na wengine walionisikia nikiapa siku ile. Waligeuka wanisikie. Nasreen naye alikuwa ananitazama. Nilifungua kinywa nitaje jina lako. Sauti haikutoka. Ilipotoka ikasema, "Ni yule bubu wa Mabira."

Mama akasema, "Basi tumsamehe. Pengine hana ndugu wa kumfundisha."

Samli imebaki ya kukwangua tu, chini kabisa ya kopo.

Ilyas